Albamu Isiyo na Mwenyewe

Muuza vitabu alikuwa ameiweka kati ya kamusi iliyopoteza jalada na rundo la vitabu vya shule vya mtaala wa zamani, juu ya turubai lililotandazwa kando ya barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi, mahali ambapo mnunuzi hulazimika kuinama ili asome majina ya vitabu. Nilidhani ni Biblia ya watoto. Nilipoifunua nilikutana na mwanamke aliyesimama mbele ya pazia la studio, mkono mmoja umeshika mkoba na wa pili umewekwa begani mwa mvulana ambaye, kwa jinsi macho yake yalivyovimba, alikuwa ametoka kulia muda si mrefu. Ukurasa uliofuata ulikuwa na harusi. Halafu watoto watatu kwenye ngazi za nyumba ya mawe, na mwanamume aliyeegemea gari kwa namna ya mtu anayeegemea gari la mwenzake.

"Hiyo nipe mia mbili, dada," muuzaji alisema bila kuondoa macho kwenye simu yake.

Nilimwuliza aliipata wapi. Alinieleza kwamba ilikuja ndani ya katoni ya vitabu kutoka nyumba iliyokuwa ikihamwa, na kwamba yeye hununua katoni nzima bila kuichambua. Nyumba yenyewe hakuijua, kwa kuwa katoni huwa zimepita mikono kadhaa kabla hazijamfikia.

Nililipa, nikaitia mkobani.

Kilichonisumbua kwa majuma yaliyofuata hakikuwa bei wala muuzaji. Kila jioni nilijikuta nikiwatazama watu nisiowajua kwa subira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa albamu za nyumbani kwetu, ambazo zimelala ndani ya sanduku chini ya kitanda cha mama huko Buruburu, na ambazo nikiombwa nizitazame huwa natafuta udhuru. Kwa nini picha za faragha za watu baki zivute kuliko zetu?

Kidole cha mwenyeji

Aliyekulia jijini humu kabla ya simu kuwa na kamera hahitaji kuelezwa mpangilio wa ziara ya Jumapili. Mgeni akishakaribishwa kitini, na kabla maji ya chai hayajachemka, alikabidhiwa albamu. Kwa muda mrefu nimeichukulia desturi hiyo kuwa njia ya kumshughulisha mgeni ili mtoto atumwe dukani kwa siri kununua mkate. Huenda kweli ilianzia hapo. Lakini nikiikumbuka vizuri, naona kwamba ni nadra mgeni kuachwa peke yake na albamu. Mtu wa nyumbani alikaa ubavuni mwake, mara nyingi mama mwenyewe au binti mkubwa, akapitisha kidole juu ya plastiki akisema: huyu ni ndugu yake baba, yule wa Kitale, hapa tulikuwa Nakuru kwenye maonyesho ya kilimo, na huyu anayelia ndiye huyo aliyekuletea maji ya kunawa.

Mamlaka yote yalikuwa kwenye kidole hicho. Kingeweza kutulia juu ya picha moja mpaka chai ikapoa, hasa ikiwa ni picha ya mahafali, na kingeweza vilevile kuharakisha.

Kulikuwa na kurasa zilizofunuliwa mbili mbili.

Katika albamu yetu kubwa kuna picha ya kikundi iliyokatwa kwa mkasi upande wa kulia, mkato ulionyooka kabisa, na kwenye bega la mtu wa mwisho aliyebaki umeachwa mkono usio na mwenyewe, vidole vinne na pete. Nilipokuwa mdogo niliuliza. Niliambiwa upande ule uliharibika. Wageni, kwa adabu, hawakuuliza, na kidole kilikwisha kuhamia kwenye ubatizo wa kaka yangu.

Ndiyo maana sina uhakika kwamba albamu ya familia iliwahi kuwa kitu cha siri. Kila aliyevuka kizingiti chetu aliiona: jirani, mzee wa kanisa, hata fundi wa redio. Faragha yake ilikuwa ya namna nyingine. Ilionekana na wote ila haikusomeka bila mwenyewe kuwapo, na mwenyewe ndiye aliyeamua leo atasimulia mpaka wapi.

Albamu niliyoinunua ilikuja bila kidole. Niliweza kukawia nilipotaka na kurudi nilipotaka. Niliweza kuamua kwamba mwanamume wa gari alikuwa dereva wa wizara, kwamba mwanamke mwenye miwani alifundisha darasa la tatu, kwamba mvulana aliyelia alikuwa amenyimwa soda. Utamu wa picha za wageni uko papo hapo: hakuna wa kukukatiza. Shaka nayo ilinianzia papo hapo, maana baada ya siku kadhaa za kuwatungia watu maisha, nilitambua kwamba nilikuwa nawajua vizuri sana watu ambao hawakuwahi kuniambia neno.

Uzuri wa kuokota

Kuna watu wanaokusanya picha za namna hii kwa makusudi, na wanaheshimika. Mwaka 2007, Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington, Marekani, lilifanya maonyesho ya picha za kawaida za Wamarekani wa kawaida, zilizopigwa kati ya 1888 na 1978, kutoka katika mkusanyo wa mtu mmoja, Robert E. Jackson. Mwaka ule wa kwanza haukuchaguliwa ovyo. Mwaka 1888 ndipo George Eastman alipoanza kuuza kamera ya Kodak, ambayo ilinunuliwa ikiwa na filamu ya picha 100 tayari tumboni. Mteja akizimaliza alirudisha kamera nzima kiwandani, picha zikaoshwa, naye akaletewa kamera yake ikiwa imetiwa filamu mpya. Mwaka 1900 ikaja Brownie kwa dola moja tu, ikatangazwa hata kwa watoto. Tangu hapo fundi wa studio hakuwa tena mtu pekee aliyeamua ni sura gani inafaa kubaki.

Wanaozipenda picha hizi husema kwamba uzuri wake uko kwenye kasoro. Kichwa kimekatwa na ukingo, kivuli cha mpiga picha kimelala miguuni pa anayepigwa, mtoto ameondoka mahali pake kabla ya wakati na kuacha ukungu. Studio huficha mambo hayo, ilhali kamera ya nyumbani huyaacha yaingie. Hoja hiyo naielewa, kwa sababu nami ilinishika. Katika albamu niliyonunua, picha niliyoirudia kuliko zote ni ya mwanamke aliyesimama kwenye mlango wa jikoni, kifuniko cha sufuria kiko mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeinuliwa kukataa kupigwa. Mkono huo umefifia kwa sababu ulikuwa mwendoni. Macho yamefumba nusu, na mdomo uko katikati ya neno. Hakuna studio ya River Road ambayo ingethubutu kumwuzia mteja kitu kama hicho, na bado mtu fulani aliibandika peke yake, katikati ya ukurasa mzima, kwa pembe nne za karatasi nyeusi.

Lakini wakusanyaji wengine husema zaidi ya hapo. Husema kwamba kutojulikana kwa wahusika ni sehemu ya mvuto wenyewe, kwamba picha ikishapoteza majina huwa huru, ikawa ya kila mtu.

Hapo tunaachana.

Picha ya familia haipigwi bila majina. Siku mlango ule wa jikoni ulipopigwa picha, kila aliyekuwa ndani ya nyumba alimjua mwanamke yule, alijua anapika nini na kwa nini hataki. Majina yalipotea baadaye, kwa kifo, kwa kuhama, kwa mnada wa vyombo, kwa katoni iliyouzwa bila kuchambuliwa. Jiji letu lina njia nyingi za kupoteza majina. Katika mafuriko ya mwaka 2024, familia za Mathare zilianika magodoro na vitabu vya shule juani. Lakini picha zilizolowa zikaachwa zikauke zikiwa zimeshikana, ukizibandua baadaye, sura hubaki upande wa pili. Kukiita kitu hicho uhuru wa picha, mbele ya mtu aliyepatwa nacho, kwahitaji ujasiri ambao mimi sina.

Nilipoichomoa mojawapo ya picha za studio kwenye pembe zake, nilikuta maandishi nyuma kwa wino wa buluu, mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa mistari: "Kwa dada mpendwa. Ukiitazama, unikumbuke." Nimeitazama mara nyingi. Aliyeombwa akumbuke si mimi.

Na msiba huu hauwapati wanyonge peke yao. Priya Ramrakha, mpiga picha mzaliwa wa Kenya aliyezifuata harakati za uhuru barani kwa kamera yake na kuuawa mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra nchini Nigeria, kazi yake ililala miongo kadhaa ndani ya gereji hapa Nairobi mpaka jamaa yake alipoitafuta. Yeye alikuwa na jina lililochapishwa magazetini na ukoo uliojua pa kutafuta. Jumba la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, ambalo wengi wetu hulipita tukiwahi matatu, msingi wake ni kumbukumbu za serikali, na hazina yake binafsi iliyo maarufu zaidi ni ya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Mwanamke wa mlango wa jikoni ataingia humo kwa mlango gani?

Mama anasoma

Mwishowe nilimpelekea mama ile albamu. Sikuwa na nia kubwa. Nilitaka tu kusikia atasemaje.

Alivaa miwani, akaweka kikombe mbali, akaanza na ukurasa wa mwisho. Nilitarajia aangalie sura za watu, kama nilivyofanya mimi. Yeye alianza na vitu. Alitazama kuta, madirisha, vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa mkono, redio iliyofunikwa kitambaa chake, kalenda ya ukutani ambayo maandishi yake hayasomeki. Kwenye picha ya watoto watatu juu ya ngazi alisimama.

"Hii ni Kaloleni," alisema. "Kama si Kaloleni ni Ziwani, lakini mimi nasema Kaloleni. Tazama huo ukuta."

Kaloleni, mtaa wa hapa Nairobi, ilijengwa miaka ya 1940, na mama aliwahi kukaa huko kwa shangazi yake alipokuja mjini kutafuta kazi. Mimi ukuta huo nilikuwa nimeuona mara nyingi nisione kitu ila ukuta.

Kisha tukafika kwenye picha ya wapenzi wawili walioketi kwenye majani kando ya maji, mwanamume na suruali yenye miguu mipana, mwenzake na gauni fupi la mistari. Nilimwambia kwamba hapo ni Uhuru Park, kwa kuwa nilitambua ziwa dogo la maboti. Tarehe haikuandikwa popote.

"Uhuru Park ilifunguliwa lini?"

Nilitafuta kwenye simu. Mwaka 1969.

"Na hilo jengo nyuma yao je?"

Nyuma ya kichwa cha mwanamume, kwa mbali, palikuwa na mnara ambao nilikuwa nimeuchukulia kuwa jengo lolote la mjini. Mama alisogeza picha karibu na dirisha. Ulikuwa mnara wa KICC, jumba la mikutano la kimataifa, lakini kilele chake hakikuwapo, na winchi ilisimama juu yake. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1973. Wawili hao walikaa kwenye majani hayo katika miaka ile michache kati ya bustani kufunguliwa na jengo kukamilika, wakati mama mwenyewe alikuwa msichana, na ingewezekana kabisa kwamba alipita nyuma yao siku hiyo akila karanga. Hilo la karanga alilisema yeye.

Lakini lililonigeuza mawazo lilikuja baadaye, alipokwisha kuzunguka albamu nzima na kurudi mwanzo. Aliweka kidole kwa msichana mwembamba ambaye sikuwa nimemjali hata kidogo, kwa sababu kila mara yuko pembeni, nyuma ya wengine au kwenye mwisho wa mstari.

"Mwenye albamu ni huyu."

"Umejuaje?"

"Hana picha mbaya hata moja."

Nikarudia kurasa zote. Ilikuwa kweli. Bibi harusi amefumba macho, wazee wanatafuna, mwanamume wa gari kuna mahali amepigwa akipiga chafya. Msichana yule, kila anapoonekana, kidevu kimeinuliwa kidogo na macho yamefunguka. Mtu anayepanga albamu, mama alinieleza, humwonea kila mtu huruma kwa kiasi chake, ila nafsi yake huionea huruma zaidi. Picha zake mbaya huzichana kabla gundi haijakauka kwenye zile nzuri.

"Na yule wa jikoni?" niliuliza.

"Yule ni mama yake. Picha mbaya ya mama haitupwi."

Nilibishana naye kidogo, kwa kuwa nayo ni dhana, na nilikuwa nimekwisha kuchoshwa na dhana zangu mwenyewe. Hakujali. Dhana zangu zilitoka hewani, zake zilitoka kwenye mikono iliyowahi kukata, kuchagua na kubandika. Anajua kwamba mtu asiyeonekana kamwe ndiye mwenye kamera. Anajua kwamba ukurasa uliojaa watoto wa rika moja waliovaa vizuri ni kazi ya yule mpiga picha wa Jumapili, aliyezunguka mitaani baada ya ibada na kamera shingoni na daftari mfukoni, akaandika jina na namba ya nyumba, akachukua malipo ya kwanza na kuahidi kurudi. Alirudi pale tu filamu ilipokwisha, na filamu ilikuwa na picha 36, kwa hiyo kulikuwa na watu walioletewa Krismasi yao wakati wa Pasaka. Asiyemalizia malipo hakuachiwa picha. Mama anaamini kwamba mahali fulani jijini kuna sanduku lililojaa watoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, ambao baba zao hawakuwa na salio.

Nilimwuliza kama niziweke picha zile mtandaoni, labda mtu awatambue. Alinitazama juu ya miwani.

"Wewe ungependa watu wa Facebook wamwone mama yako na kifuniko cha sufuria?"

Hazikuwekwa. Amezipeleka habari kwa rafiki yake aliyebaki Kaloleni, mdomo kwa mdomo. Mpaka sasa hajapatikana mtu.

Mraba mtupu

Siku hiyohiyo tulitoa sanduku chini ya kitanda, kwa mara ya kwanza bila udhuru.

Babu mzaa mama hayumo. Hana picha yoyote ya ujana wala ya utu uzima, ila moja ya uzeeni, amekaa juu ya kiti cha jirani. Na bado serikali ilimjua mapema sana. Sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimisha wanaume Waafrika kutoa alama za vidole na kubeba karatasi zao ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kwa hiyo vidole vya babu viliandikishwa miongo kadhaa kabla ya mtu yeyote kufikiri kwamba uso wake unafaa kuhifadhiwa.

Kwa mama ilikuwa kinyume chake. Wanawake hawakuandikishwa kwa vitambulisho vya taifa mpaka sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1978. Wasichana wa rika lake walikuwa na sura zao ndani ya albamu kabla serikali haijazitaka, wamezilipia wenyewe, wakiwa wamejipanga kama walivyopenda kuonekana. Sijawahi kuzitazama picha hizo hivyo. Nilizoea kuziona kuwa za kuchekesha: simu ya mezani isiyounganishwa popote, mtungi wa maua ya plastiki, saa ya mkononi iliyovutwa ionekane. Sasa naona mtu aliyetoa sehemu ya mshahara wake ili aamue uso wake uonekane vipi, wakati ambapo hakuna ofisi iliyomwomba.

Moja kati ya hizo ina tundu. Wasichana watatu walisimama mbele ya pazia lenye mandhari ya ndege ikiruka juu ya bahari, na yule wa kati amekatwa kichwa kwa umbo la mraba mdogo. Ni mama. Alihitaji picha ya kubandika kwenye fomu ya chuo, mwisho wa mwezi, akiwa hana pesa ya studio, akachukua mkasi. Uso ulikwenda na fomu, na haukurudi. Chuo chenyewe hakikumjibu.

"Nilikuwa mzuri sana hapo," alisema.

Wekundu

Jambo moja la kikemia lazima nilitaje, kwa sababu watu hulifanya la moyo. Picha zetu za miaka ya 1960 ni safi kuliko za miaka ya 1970 na 1980. Picha nyeusi na nyeupe imeumbwa kwa chembe za fedha, madini yanayodumu vizuri yakioshwa ipasavyo. Picha ya rangi imeumbwa kwa dawa za rangi zilizowekwa tabaka kwa tabaka, na katika karatasi nyingi za miaka ya 1970 ile ya samawati ndiyo iliyofifia haraka, hata ndani ya albamu iliyofungwa gizani. Samawati ikiondoka hubaki wekundu, na ndiyo sababu jamaa zetu wote wa enzi hizo wanaonekana kama waliopigwa picha jua likizama. Vijana hutumia programu za simu kuipa picha ya jana wekundu huohuo, ionekane ina historia. Kuoza kumegeuka kuwa pambo.

Zile albamu za kisasa zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu, ambazo mama alijivunia kuliko zile za pembe nyeusi, zimekuwa adui mbaya kuliko mende. Gundi imeacha michirizi ya manjano na plastiki imeng'ang'ania nyuso. Nimeanza kuzitoa moja moja, zinazokubali, na kuandika majina nyuma kwa penseli laini, karibu na ukingo. Kalamu ya wino hupenya mpaka upande wa pili. Zisizokubali naziacha, kwa maana kuzilazimisha ni kuzichana.

Kundi la familia

Kaka yangu aliposikia habari hizi, alikuja na simu yake mpya na suluhisho. Alipiga picha kurasa za albamu moja kwa mwendo wa mtu anayehesabu pesa, akazimwaga zote kwenye kundi letu la WhatsApp usiku uleule.

Nilidhani zitapita kama zinavyopita picha nyingine zote humo, katikati ya maombi ya asubuhi na michango ya harusi. Ilipofika alfajiri kundi lilikuwa limejaa sauti. Watu ambao hawajawahi kuandika zaidi ya "Amina" walikuwa wamerekodi maelezo marefu. Binamu aliye ughaibuni aliuliza babake ni yupi, na watu watatu wakamwonyesha watu wawili tofauti. Shangazi wa Kawangware alizungumza kwa dakika nyingi kuhusu gauni moja tu. Kitambaa kilinunuliwa Biashara Street, kilishonwa na fundi wa soko la Burma, na kilikuwa mali ya wasichana watatu waliochanga. Siku ya studio walikwenda nalo pamoja; mmoja akipigwa, wengine wawili walingoja nyuma ya pazia wamejifunga leso. Kwa hiyo gauni lile liko katika albamu za familia tatu, na katika kila albamu watoto wameambiwa kwamba ni gauni la mama yao.

Mama alikana. Kisha akakubali.

Halafu likaja la sherehe ya mwaka mpya. Katika ukurasa ambao mgeni hakuwahi kuonyeshwa, marehemu baba ameketi mezani na mwanamke aliyevaa kofia, na mkono wa mwanamke huyo uko juu ya kiti chake. Vidole vina pete. Niliitambua pete kabla sijaujua uso. Kaka, aliyepiga kurasa zote bila kubagua, hakuwa ameona chochote.

"Hiyo toa," shangazi aliandika. Hakurekodi sauti.

Kaka alijibu kwamba ni historia, na kwamba kila mtu ana haki ya kuijua familia yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inamlinda mtu dhidi ya mambo ya familia yake kufichuliwa pasipo haja, lakini katika kundi letu hakuna aliyetaja Katiba. Shangazi alimpigia simu tu. Binafsi nilishindwa kuamua. Juma zima nilikuwa nikilalamika kwamba picha hupoteza majina, na hapa kulikuwa na jina ambalo angalau watu wawili walilijua na kulinyamazia kwa zaidi ya miaka 40. Niliona pia kwamba hawakuichoma picha. Aliyeshika mkasi alimwondoa mwanamke huyo kwenye picha moja na kumwacha kwenye nyingine, kurasa chache mbele, mahali ambapo yeye peke yake angeweza kumfunua.

Kaka aliifuta. Wajukuu walikuwa wamekwisha kuihifadhi, bila shaka.

Siku iliyofuata mama alidai albamu zake zirudishwe sandukuni, kisha akatoa masharti. Zilizobaki zitapigwa, lakini mbele yake, Jumapili alasiri, na yeye ndiye atakayechagua. Kaka analalamika kwamba kazi ya jioni moja sasa itafika Desemba, kwa sababu mama hataki simu iinuliwe kabla hajamaliza kueleza nani ni nani, aliyemwazima nani koti, na deni la mpiga picha lililipwa au halikulipwa. Nimemshauri aweke simu ya pili mezani irekodi sauti. Mama ameikubali, ila ameuliza kwanza namna ya kuizima.